Hadithi ya Ndege wa Asali na Deni la Nta

Muhula huu niliwapa wanafunzi wangu kazi ya kuandika hadithi moja waliyoisikia nyumbani kwa wazee wao, wala si waliyoisoma kitabuni. Nilitazamia kuletewa habari za sungura na fisi, nao kweli walikuwapo. Lakini walio wengi waliniletea hadithi moja, ile ya ndege wa asali na mtu mchoyo. Sikushangaa, maana sisi wa Chemba, hasa upande wa Farkwa na Kwa Mtoro waliko ndugu zetu Wasandawe, tumelelewa kando ya pori lenye nyuki, na kurina asali ni kazi ya tangu zamani.

Niliyasahihisha madaftari yale kwa furaha mpaka nilipofika kwenye daftari la kijana mmoja hodari. Aliisimulia hadithi vizuri kupita wenzake wote, kisha akamaliza kwa maneno haya: kwamba yeye amwonapo ndege huyo humpiga kwa manati, asije akampeleka kwa chui. Niliiweka kalamu chini. Hadithi iliyotungwa ili watu wamtendee ndege haki, imemfundisha mtoto kumwua. Basi nimeona yafaa tuipime hadithi hii hadharani katika gazeti letu, tuseme penye wema wake na penye upungufu wake, kama tupimavyo kazi nyingine yo yote ya akili za watu.

Kwanza niisimulie kwa kifupi, kwa ajili ya wale wasioijua. Mtu mmoja alikuwa akienda porini na shoka lake na moto wake. Ndege wa asali, ambaye kwa Kiswahili huitwa pia mlembe, akamjia akilia juu ya tawi. Mtu akamfuata toka mti hata mti, wakafika penye mbuyu wenye nyuki. Mtu akawafukiza nyuki moshi, akapasua, akatoa asali nyingi. Desturi ni kumwachia ndege sega lenye nta. Lakini mtu huyu alikuwa mchoyo, akachukua vyote, hata majana ya nyuki hakuacha, akaenda zake. Siku ya pili ndege akamjia tena, akalia vile vile, akaruka vile vile. Mtu akafuata huku akicheka moyoni. Safari hii ndege alisimama juu ya pango. Mtu akaingiza mkono, na ndani hamkuwa na nyuki bali mlikuwa na chui. Hadithi huishia hapo. Wengine huweka simba mahali pa chui, na wengine nyoka, wala si hapa kwetu tu. Hadithi hii husimuliwa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kusini.

Katika madaftari niliyoyasoma, wengine walimpa ndege maneno: mtu alipokuwa akiraruliwa, ndege alimsimanga kutoka juu ya mti na kumhubiria habari za uchoyo. Wengine walimwacha alie kilio chake kile kile cha siku ya kwanza, asiseme neno. Mimi nasema hao wa pili ndio wasimulizi bora. Ndege akihubiri, msikilizaji hana kazi tena. Akilia kilio kile kile, msikilizaji anatetemeka, kwa kuwa anajua jambo asilolijua mtu yule afuataye: ya kwamba sauti ni moja, lakini mwisho wa njia si mmoja. Huo ndio uzuri wa hadithi hii, nao ni uzuri mkubwa.

Sasa tutazame ukweli wake. Mgeni aisikiaye mara ya kwanza hudhani kwamba yote ni uzushi. Atasema, ndege gani amwite mtu, tena mtu gani afahamiane na ndege wa porini asiyefugwa? Bila shaka, atasema, huo ni uchawi, au ni maneno ya kubembelezea watoto usiku. Basi mgeni huyo amekosea, maana sehemu hiyo aionayo kuwa ni uzushi ndiyo iliyo kweli tupu.

Mimi mwenyewe nilikwenda na mzee mmoja jirani yangu. Tulikuwa hatujatembea sana alipopiga mluzi mrefu, akangoja, akapiga tena. Akaja ndege wa rangi ya kijivu, asiye na uzuri wa kutazamwa, mkubwa kuliko shomoro na mdogo kuliko njiwa. Akalia mfululizo, kama mtu anayetikisa kibiriti chenye njiti chache. Aliporuka alifungua mkia wake na manyoya meupe ya pembeni yakaonekana wazi, hata mimi nisiye mzoefu sikumpoteza. Akitua mbele, hutungoja, tukichelewa, hurudi. Mzee alikuwa akisema naye njia nzima, kwa mluzi na kwa maneno, kama mtu asemavyo na mwenzake wa kazi. Hatimaye ndege akanyamaza, akatua karibu, asiendelee mbele. Mzee akainua macho akaona nyuki wakiingia na kutoka katika mbuyu. Alipomaliza kurina, alikata kipande cha sega akakiweka juu ya majani, mahali peupe.

Nikamwuliza, “Babu, siku usipomwachia, atakupeleka kwa chui?”

Akacheka, akasema, “Mwanangu, siku nyingi nimempa, na siku nyingine nimesahau. Chui nimekutana naye mara mbili maishani mwangu, na mara zote mbili nilikuwa natafuta mbuzi waliopotea.”

Neno hilo la mzee lina elimu ndani yake, nami nitalirudia. Lakini kwanza tuelewe kwa nini viumbe wawili hawa wamefanya maagano. Ndege huyu hula nta, chakula ambacho wanyama walio wengi hawawezi kukimeng'enya tumboni. Anazijua nyumba za nyuki, kwa sababu huzipeleleza kila siku. Lakini nyuki hukaa ndani ya shina au ndani ya jabali, na wakimkuta mlangoni waweza kumwua. Mtu naye ana shoka na moto, walakini hajui nyuki waliko. Kila mmoja anacho asichokuwa nacho mwenziwe. Nchini Kenya, katika nchi ya Waborana, watafiti wawili, Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer, waliwafuata warina asali na kupima saa zao, wakachapisha habari mwaka 1989. Waliona kwamba mtu atafutaye peke yake katika pori asilolizoea hutumia karibu saa 9 kupata nyumba moja ya nyuki. Akiongozwa na ndege hutumia saa 3 na kidogo. Tena waliona kwamba katika kila nyumba 100 za nyuki, 96 ndege asingeweza kufikia nta yake mpaka mtu aifungue kwanza. Hapo mtasema mwenyewe kama ushirika huu ni uchawi au ni akili.

Lipo jambo la ajabu kupita hilo, nalo ndilo ambalo wasimulizi wetu hulipita mbio. Katika hadithi husemwa tu kwamba “mtu akamfuata ndege.” Hawasemi kwamba mtu ndiye aliyemwita. Wayao, ambao wako kwetu Masasi na Tunduru na pia ng'ambo ya mto Ruvuma nchini Msumbiji, humwita ndege kwa kutetemesha ulimi na kumalizia kwa mguno mfupi. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake, waliofanya kazi na Wayao wa Niassa, walitoa habari kwamba mtu apigaye sauti nyingine porini huonyeshwa nyuki kama mara 16 katika 100, na mtu apigaye mwito huo wa Kiyao huonyeshwa mara 54. Lakini Wahadzabe wa Bonde la Yaeda na ziwa Eyasi, kaskazini ya kwetu, ambao lugha yao ina vidoko kama lugha ya Wasandawe, hawatumii mwito wa Kiyao. Wao hupiga mluzi. Basi mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood walijaribu sauti zote mbili katika nchi zote mbili. Ndege wa Uhadzabe waliuitikia mluzi zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Kiyao, na ndege wa Niassa waliuitikia mwito wa Kiyao karibu mara mbili kuliko mluzi wa Kihadzabe. Maana yake ndege wa kila nchi wanaijua lugha ya watu wao. Hebu fikirini, wasomaji: mtoto wa Kiyao akija Yaeda na mwito wa baba yake, atakuwa kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji, hata mbele ya ndege.

Hapa naishitaki hadithi yetu kwa mara ya kwanza. Ilikuwa na ajabu ya kweli mkononi, ikaitupa, ikaokota ajabu ya uongo. Ajabu ya kweli ni mwito; ajabu ya uongo ni kisasi.

Nasema kisasi ni uongo, nami sisemi kwa kukisia. Katika nchi ile ya Wahadzabe watafiti waliandika mwaka 2014 kwamba watu wale hawamlipi ndege kwa makusudi. Huyaficha masega, au huyafukia, au huyachoma moto, wakisema kwamba ndege akishiba hataongoza tena. Bora akae na njaa ili kesho arudi. Mara nyingine huokota makombo, kwa kuwa mtu hawezi kuzoa kila chembe, lakini mshahara wa kupewa hana. Kama hadithi yetu ingekuwa kweli, chui na simba wangaliwamaliza Wahadzabe zamani sana. Badala yake ndege huwarudia mwaka hata mwaka, na watafiti wale walikadiria kwamba sehemu 8 mpaka 10 katika kila 100 za chakula chao chote hupatikana kwa msaada wake. Ndege hana daftari la madeni. Ana njaa yake na anajua nyuki waliko, basi.

Mtasema, “Lakini wako watu waliomfuata ndege wakakuta nyoka.” Sikatai. Nyoka hukaa katika mashina yenye uwazi, na nyuki hukaa katika mashina yenye uwazi. Aendaye kuingiza mkono katika miti hiyo siku zote, siku moja atamkuta mwenye nyumba mwingine. Siku mia alizokuta asali hazihesabu, ila siku moja ya nyoka huisimulia mpaka kufa kwake. Ndivyo ilivyo akili ya mwanadamu. Mzee wangu aliyekutana na chui alipokuwa akitafuta mbuzi hakusema kwamba mbuzi wamelipiza kisasi.

Basi kama si kweli, ilitungwa kwa nini? Nadhani wazee waliitunga kwa nia njema: kulinda ujira wa mtenda kazi asiyeweza kudai. Wasomaji wa gazeti hili wanaikumbuka amri ya Torati juu ya ng'ombe apuraye nafaka, na maonyo juu ya tajiri azuiaye ujira wa wavunaji. Mzee wa porini asiye na kitabu aliona haki ile ile, naye akaiandika katika hadithi kwa kuwa hakuwa na karatasi. Kwa hiyo mimi naiheshimu. Walakini alitegemeza haki juu ya hofu, na hofu ni nguzo mbovu. Nimeyaona matokeo yake mawili katika darasa moja. Kijana wa manati anaamini chui, basi anamwua ndege. Mwenziwe mmoja haamini chui, akaniambia waziwazi kwamba ameenda na kaka zake mara kadhaa, wakachukua vyote, na hakuna baya lililowapata. Kwa hiyo sasa hawaachi kitu. Huyu wa pili ameitupa nguzo mbovu, na paa la haki limeanguka pamoja nayo. Tukimfundisha mtoto jambo jema kwa sababu ya uongo, siku aujuapo uongo atadhani na jambo jema lilikuwa uongo.

Iko na kosa jingine, ambalo si la hadithi, bali ni la sisi tulio na elimu. Nilimsikia mwalimu mmoja wa dini akiwakataza vijana hadithi hii kabisa, akisema ni mambo ya ushenzi, na ndege yule ni ndege wa mashetani, kwa kuwa husema na watu. Kwa heshima yote, siwezi kukubali. Sisi tusomao habari za kunguru waliomlisha nabii Eliya, na punda aliyemwona malaika kabla Balaamu hajamwona, hatupaswi kutishwa na ndege anayeonyesha asali. Wala ndege huyu si mgeni kanisani. Mtawa mmoja Mreno wa Shirika la Mtakatifu Dominiko, João dos Santos, aliyekuwa Sofala katika pwani ya Msumbiji tangu mwaka 1586, aliandika katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1609 kwamba ndege wadogo waliingia katika kanisa lake wakadonoa mishumaa, kwa kuwa ilikuwa ya nta. Tena aliandika kwamba ndege hao huwaongoza watu penye nyuki. Hawakuingia kusali, wala hawakuingia kuloga, waliingia kula. Padre yule hakuwatoa pepo, alitazama akaandika alichokiona. Ningependa sisi walimu tuige mfano huo.

Lakini pia nawaonya wale wampendao ndege huyu kupita kiasi na kumfanya mtakatifu, rafiki mwema aliyeletwa kutusaidia. Kuna sehemu ya maisha yake ambayo hadithi yetu haiijui au inaificha. Mlembe hajengi kiota wala halei watoto. Hutaga yai lake katika shimo la ndege mwingine, mathalani keremkerem mdogo, ambaye huchimba kiota chake ardhini. Kinda la mlembe huzaliwa kipofu, lakini ncha ya mdomo wake ina kulabu kali. Huko Zambia watafiti waliweka picha za kamera ndani ya mashimo hayo, wakaona kinda hilo likiwauma makinda ya mwenye nyumba gizani mpaka wakafa, ili chakula chote kiwe chake; habari hizo zilichapishwa mwaka 2011. Na mama keremkerem huendelea kulisha mwuaji wa wanawe mpaka aruke. Huyu ndiye ndege tunayemwita mlinzi wa haki na adui wa uchoyo!

Sisemi hayo ili tumchukie. Mnyama hana hukumu kama mtu, hufuata maumbile aliyopewa. Nasema ili tuone hadithi yetu ilivyorahisisha mambo. Imemfanya ndege hakimu na mtu mchoyo, kumbe katika pori halisi wote wawili ni wachoyo, kila mmoja akitafuta tumbo lake, na hata hivyo kazi yao ya pamoja imedumu vizazi visivyohesabika. Kwangu mimi jambo hilo ni kubwa kuliko kisasi cha chui. Tunapenda kusema kwamba ushirika huhitaji watu wema. Hapa tunaona viumbe viwili visivyo vyema sana, vya damu mbalimbali, visivyo na lugha moja, vikishika maagano kwa sababu kila kimoja kinamhitaji mwenziwe na kila kimoja kimejifunza kusikiliza. Sijui chama gani cha ushirika katika tarafa yetu kinachoweza kujisifu hivyo.

Tena litazameni kinda hilo kwa upande mwingine. Halijapata kuwaona wazazi wake. Limelelewa na ndege asiyejua nta wala mluzi. Likiruka, hakuna mama wa kuliambia, “Mfuate mtu.” Hamu ya nta na kuongoza huenda amezaliwa nazo, lakini lugha ya watu wa nchi yake, kama tulivyoona kwa Wayao na Wahadzabe, yaelekea huijua kwa kuishi karibu nao. Maana yake watu wenyewe, wapigapo mluzi porini na kupasua nyuki, ndio walimu wa ndege kizazi baada ya kizazi. Wakinyamaza, shule imefungwa.

Na hapo ndipo nifikapo kwenye upungufu mkubwa kupita wote, yaani mwisho wa hadithi. Wazee walifikiri kwamba neno baya liwezalo kumpata mtu avunjaye maagano ni kukutana na chui. Wakati wao pori lilikuwa kubwa na warina asali walikuwa wengi, hawakuweza kufikiri mwisho mwingine. Sisi tunaweza. Katika sehemu nyingi za Afrika watu wameacha kumfuata ndege. Sukari iko dukani. Mizinga hutundikwa karibu na nyumba, nayo ni jambo jema. Miti mikubwa yenye uwazi, ambayo nyuki huipenda, inakatwa kwa mkaa na kwa mashamba mapya, hata hapa kwetu. Na mahali watu wasipofuata tena, ndege naye huacha kuita, kwa kuwa haoni faida. Haleti chui wala nyoka, wala hakulipi baya kwa baya. Hunyamaza tu, naye hutafuta riziki yake kwa njia nyingine, na mtoto wa mahali hapo hupita chini yake asijue kwamba babu zake walikuwa wakisema naye.

Adhabu ya kweli basi ni kimya. Nayo ni kali kuliko ya chui, maana chui humpata mchoyo mmoja, lakini kimya huwapata na wasio na kosa, hata watoto ambao hawajazaliwa. Tena aliyekutana na chui anajua kwamba ameadhibiwa; aliyenyamaziwa hajui kitu.

Katika kosa hili mimi mwalimu sijitoi. Mluzi wa mzee wangu haufundishwi darasani. Hufundishwa porini, na katika siku zile zile ambazo kengele yangu huwaita watoto waje wakae juu ya madawati. Sisemi tufunge shule. Mimi mwenyewe ni mtoto wa shule, na bila shule nisingeweza kuandika wala ninyi kusoma. Nasema tu kwamba shule ikimpa mtoto kitu, itazame na kile inachomtoa mkononi. Kijana wangu wa manati anajua kutaja mito na milima ya nchi za mbali. Anamjua ndege wa asali kwa hadithi tu, hajapata kumfuata hata siku moja, na kwa kuwa anamjua kwa hadithi tu anamwogopa na kumwua. Angalimfuata mara moja na babu yake, asingehitaji mimi kumsahihisha.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya hadithi hii ni hii. Tusiitupe, maana imehifadhi jambo la kweli ambalo wasomi walihitaji miaka mingi na vyombo vingi kulithibitisha, na imelilinda kwa usimulizi mzuri. Wala tusiisimulie kama habari ya mambo yaliyotukia. Tuisimulie kama hadithi, kisha tukifika kwenye chui, tuwaambie watoto: “Hivyo ndivyo wazee walivyosema; sasa sikilizeni ilivyo.” Tuwaeleze habari za mwito, za nta, na za kinda gizani. Na sehemu ya kumwachia sega tuishike, si kwa kumwogopa chui, bali kwa sababu aliyefanya kazi ameifanya. Wahadzabe wana hoja yao juu ya njaa ya ndege, nami siwahukumu, wao wanamjua kuliko mimi. Lakini sisi tusiotegemea asali ili tuishi tunaweza kuacha kipande kimoja juu ya majani bila kupungukiwa.

Daftari la yule kijana nimemrudishia. Nilimpa alama 7 katika 10, kwa kuwa alisimulia vizuri na mwandiko wake ni safi. Alama 3 zilizobaki nimemwambia zinamngoja kwa mzee jirani yangu, ambaye ameahidi kumchukua porini mvua zikiisha. Sharti lake ni moja tu, kwamba manati aiache nyumbani.

Mwalimu, Chemba